Siku Sita Tuskegee, kwa Macho ya Bwana Shamba

Siku ya kwanza: Atlanta hadi Tuskegee

Tuliondoka Atlanta saa kumi na mbili asubuhi, mimi na mpwa wangu anayeishi huko, tukashika barabara kuu ya 85 kuelekea kusini-magharibi. Safari ni ya kilomita mia mbili hivi, na kwa kuwa jimbo la Alabama liko nyuma ya Georgia kwa saa moja, tulipotazama saa ya mji wa Tuskegee tulikuta kwamba safari nzima imetuchukua kama saa moja tu. Njiani misonobari ilitufuata pande zote mbili, na kila mahali kilima kilipokatwa ili kupitisha barabara, udongo mwekundu ulijitokeza, mwekundu kama ule wa Kiambu nilikolelewa.

Nilifanya kazi ya ubwana shamba kwa miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu. Shuleni tulifundishwa habari za George Washington Carver, mwanasayansi mweusi wa karanga na viazi vitamu, na jina la Tuskegee, chuo cha watu weusi alikofundisha, likabaki nami tangu wakati huo. Hata hivyo, sikuwahi kusoma popote kuhusu mahali alipofugia ng'ombe wake, chumba alichopimia udongo, wala aliyefyatua matofali ya maabara yake. Ukimwonyesha mtu wa kilimo banda la mifugo, atakueleza mengi kuhusu mwenye shamba kabla hawajaonana. Ndiyo sababu nilimwomba mpwa wangu likizo yake ya wiki moja, ili tutazame historia ya chuo hiki kupitia majengo yake ya kilimo: mabanda, maghala, maabara na mashamba.

Siku ya pili: Banda la farasi na banda la kuku

Leo nimetembea taratibu katika uwanja wa chuo. Sehemu yake ya kihistoria imehifadhiwa na idara ya hifadhi za taifa ya Marekani tangu 1974, huku masomo yakiendelea kama kawaida. Wanafunzi hupita na mikoba yao kando ya majengo ya matofali yenye umri wa zaidi ya karne.

Shule ilifunguliwa tarehe 4 Julai 1881. Watu wawili wa mjini ndio walioihangaikia: Lewis Adams, fundi wa mabati aliyezaliwa utumwani, na George Campbell, mwenye benki aliyewahi kumiliki watumwa. Bunge la Alabama liliidhinisha dola 2,000 kwa mwaka, lakini fedha hizo zilikuwa za mishahara ya walimu peke yake. Haikutolewa hata senti moja ya ardhi au ya majengo, na jambo hilo ndilo lililoipa shule sura yake yote ya baadaye. Booker T. Washington, kijana wa miaka ishirini na mitano aliyetoka shule ya watu weusi ya Hampton huko Virginia, alianza na wanafunzi thelathini katika kibanda kibovu kando ya kanisa la watu weusi, na paa lake lilivuja kiasi kwamba siku za mvua mwanafunzi mmoja aliacha masomo ili amshikie mwalimu mwavuli.

Muda mfupi baadaye likapatikana shamba la ekari mia moja, umbali wa maili moja kutoka mjini, lililokuwa la mwenye watumwa wa zamani. Bei ilikuwa dola 500, nusu yake ilipwe kwanza. Mweka hazina wa Hampton, Jenerali Marshall, alimkopesha Washington dola 250 kutoka mfukoni mwake. Nyumba kubwa ya bwana ilikuwa imeteketea kwa moto. Vilivyosalia ni kibanda kilichotumika kama chumba cha kulia, jiko la zamani, banda la farasi na banda la kuku.

Nilisimama muda mrefu nikilifikiria jambo hili. Chuo kikuu ambacho jina lake linajulikana hadi kwetu kilianza katika majengo ya shamba yaliyotumika kwa mifugo, tena shamba ambalo wazazi wa baadhi ya wanafunzi wale wangeweza kuwa walililima chini ya mijeledi. Banda la farasi lilikarabatiwa likawa darasa, na punde banda la kuku nalo likafuata. Washington mwenyewe alisimulia kwamba alipomwambia mzee mmoja wa jirani kuwa kesho yake watalisafisha banda la kuku mchana, mzee alishangaa sana, kwani hakuweza kuelewa mtu mwenye akili atasafishaje banda la kuku mchana kweupe. Mpwa wangu alicheka. Mimi nilimkumbuka mama yangu, aliyekuwa akilifagia banda letu kabla ya jua kuchomoza ili majirani wasimwone, ilhali samadi ile ndiyo iliyotulipia karo.

Baada ya hapo Washington alichukua shoka na kuwaongoza wanafunzi msituni kila alasiri masomo yalipokwisha. Wengi hawakufurahi. Walikuwa wamekuja kusoma ili waondokane na jembe, na baadhi yao walikwisha kuwa walimu. Hata hivyo, walipomwona mwalimu mkuu naye akikata miti, walishika shoka, wakafyeka ekari ishirini hivi na kupanda mazao. Mnyama wa kwanza wa shule alikuwa farasi mmoja mzee, tena kipofu, aliyetolewa na mzungu wa mjini. Miaka ishirini baadaye shule ilikuwa na ekari 2,300, ambapo 1,000 zililimwa kila mwaka na wanafunzi wenyewe, pamoja na farasi, nyumbu, ng'ombe na maksai zaidi ya 200, na nguruwe wapatao 700.

Jioni tulikwenda kuona matofali, na hapa ndipo nilipokaa zaidi. Mji haukuwa na kiwanda cha matofali, na shule haikuwa na fedha za kuyaagiza kutoka mbali, hivyo Washington akaamua kwamba wanafunzi watafyatua na kuchoma ya kwao. Tanuri la kwanza liliharibika. La pili likaharibika, na la tatu likaporomoka walipokaribia kumaliza kuchoma. Walimu wakamsihi aache. Akaenda Montgomery, akaweka rehani saa yake kwa dola 15, akarudi na fedha hizo na kuwasha tanuri la nne, likafaulu. Saa hakuikomboa kamwe. Yeyote aliyewahi kukaa usiku kando ya tanuri la matofali, akipima moto kwa rangi yake na kuziba nyufa kwa tope, anajua kwamba kosa dogo la kuni au la hewa hugeuza kazi ya wiki nzima kuwa kifusi. Kufikia 1900 hivi wanafunzi walikuwa wakitengeneza matofali 1,200,000 kwa msimu mmoja na kuyauza hata kwa wazungu wa mji. Katika majengo 66 yaliyokuwapo wakati huo, yote isipokuwa manne yalijengwa karibu kabisa kwa mikono ya wanafunzi.

Siku ya tatu: Slater-Armstrong, Milbank na chumba cha kufulia

Asubuhi tulianza na nyumba ya Washington iitwayo The Oaks, iliyojengwa 1899, kwa ajili ya kumtambua aliyeichora. Robert R. Taylor, mtoto wa Wilmington, North Carolina, alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu katika chuo cha teknolojia cha Massachusetts, mwaka 1892. Mwaka huohuo aliitwa Tuskegee, na sehemu kubwa ya majengo ya chuo ilitoka kwenye meza yake ya michoro. Alichora kumbi za masomo, mabweni, kanisa na majengo ya kilimo, kisha akawafundisha wanafunzi kuyajenga. Namna yake ni ya utulivu: kuta za matofali mekundu, madirisha mengi marefu, mapambo machache. Mhifadhi mmoja alitueleza kwamba madirisha yale yalikuwa na maana yake, kwa sababu vyumba vya kazi vilihitaji mwanga wa mchana.

Jengo la kwanza kubwa la kilimo lilizinduliwa Novemba 1897. Liliitwa Slater-Armstrong, kwa jina la mfuko wa John F. Slater uliosaidia elimu ya watu weusi na la Jenerali Armstrong, mwanzilishi wa Hampton. Waziri wa Kilimo wa Marekani, James Wilson, alisafiri kutoka jiji la Washington kuja kulifungua. Wilson alikuwa akitoka Iowa, alikofundisha katika chuo kilekile alichosoma Carver, na ni rahisi kuwaza furaha ya Carver siku ile. Mwaka uliofuata, mwezi Desemba, Rais William McKinley mwenyewe alikanyaga hapa. Kwa shule iliyokuwa ikifundishia katika banda la kuku miaka kumi na sita kabla yake, huo ulikuwa mwendo mrefu.

Carver aliwasili Oktoba 1896. Alikuwa amezaliwa utumwani Missouri, akapata shahada ya uzamili Iowa, na huko Iowa alikuwa na kitalunyumba na hadubini. Alichokikuta hapa ni chumba kisicho na vifaa. Akawatuma wanafunzi katika majalala ya mji kukusanya chupa, vifuniko vya mitungi, waya na taa kuukuu, wakavikata na kuvigeuza kuwa vyombo vya maabara. Mapema 1897 jimbo la Alabama liliidhinisha kituo cha utafiti wa kilimo hapa na kukitengea dola 1,500 kwa mwaka. Msomaji aikumbuke hesabu hii, kwa maana kesho nitairudia.

Mwaka 1909 likajengwa jengo la Milbank, na maabara ya kilimo ikahamia humo. Nililizunguka mara mbili. Nikiwa mtu wa fani hii nilipenda kwamba si jengo la kujionyesha. Ghorofa zake zimepangwa kwa ajili ya watu wanaoingia na viatu vyenye matope.

Nisingependa kumfanya Carver kuwa malaika. Washington alikuwa mtawala mkali wa mali ya shule, na aliwataka walimu waeleze kila yai na kila kifaranga. Mwaka 1904 kamati ya shule iliripoti kwamba hesabu za ua wa kuku uliokuwa chini ya Carver zimekuzwa kupita ukweli, na ugomvi ukawa mkubwa kiasi cha Carver kutishia kujiuzulu. Alikuwa hodari wa udongo, mimea na kufundisha, lakini usimamizi wa mabanda haukuwa kipawa chake. Nilikuwa na wenzangu wa namna hiyo kazini, na nilijifunza kwamba ofisi yenye busara humwacha mtu kama huyo shambani na kumtafutia mwingine wa daftari.

Alasiri tuliingia katika jumba la makumbusho la Carver. Jengo lenyewe lilikuwa chumba cha kufulia nguo cha shule, lililojengwa 1915. Frederick Patterson, daktari wa mifugo aliyeongoza chuo kuanzia 1935 na kuanzisha hapa shule ya udaktari wa mifugo katikati ya miaka ya 1940, alimpa Carver jengo hilo wakati wa uzee wake, na Henry Ford alikuja kulizindua 1941. Moto wa 1947 uliharibu michoro mingi ya rangi ambayo Carver aliipaka kwa mkono wake. Mabanda ya mbao ya enzi ile yameondoka moja baada ya jingine, kama mabanda yote ya mbao yanavyofanya, na katika makumbusho haya ndimo kumbukumbu zake zilimokimbilia.

Siku ya nne: Auburn

Mpwa wangu hakuelewa kwa nini nilitaka kutumia siku moja nje ya Tuskegee. Auburn iko umbali wa kilomita thelathini tu. Chuo cha kule kilikuwa chuo cha kilimo cha wazungu wa jimbo, na mwanafunzi mweusi wa kwanza hakuingia humo hadi 1964.

Sheria ya Hatch ya 1887 iliipa kila jimbo dola 15,000 kwa mwaka kutoka serikali kuu kwa ajili ya kituo cha utafiti wa kilimo, na katika Alabama fedha hizo zilikwenda Auburn. Tuskegee ilikuwa na zile dola 1,500 za jimbo. Ni moja ya kumi, kwa watu ambao ndio waliokuwa wakilima sehemu kubwa ya pamba ya wilaya hizi. Nilimweleza kijana kwamba ukitaka kufahamu kwa nini maabara ya Carver ilianza kwa chupa za jalalani, hesabu hiyo inatosha.

Shamba dogo tulilokwenda kuliona liko ndani ya chuo cha Auburn na huitwa Old Rotation. Lina ukubwa wa ekari moja hivi, limegawanywa vipande 13, na lilianzishwa 1896 ili kujibu swali moja: je, pamba inaweza kulimwa hapohapo mwaka baada ya mwaka bila kuua udongo? Ni jaribio la pamba lililoendelea kwa muda mrefu kuliko yote duniani. Jibu lake ni kwamba inawezekana endapo mimea ya jamii ya kunde itapandwa wakati wa baridi na kurudishwa ardhini, kwa kuwa mizizi yake hunasa naitrojeni kutoka hewani.

Ni mwaka uleule ambao Carver alishuka Tuskegee na kuanza kuwafundisha wakulima maskini kupanda kunde, viazi vitamu na karanga, na kutengeneza mboji kwa majani ya msituni na tope la mabwawa, kwa kuwa mkulima asiye na dola ya mbolea ana majani. Vituo viwili, ujirani wa nusu siku kwa gari la farasi, vilifikia ukweli mmoja kuhusu udongo mmoja, huku sheria ikiwakataza wanafunzi wake kuketi pamoja. Nilipiga magoti nikachukua konzi ya udongo wa kipande kimoja na kuusugua vidoleni. Ulikuwa laini na mweusi kuliko ule wa kando ya barabara.

Siku ya tano: Jengo lenye magurudumu

Leo ilinyesha asubuhi nzima, tukarudi makumbusho kutazama kile ambacho kwangu ni jengo muhimu kuliko yote, ingawa halina msingi wala ukuta: mkokoteni wa Jesup.

Kuanzia 1892 Washington alikuwa akiitisha mkutano wa wakulima kila mwaka hapa shuleni. Walikuja kwa mamia, wengi wakiwa wakulima wa kupangishwa mashamba na kulipa kwa sehemu ya mavuno, watu waliokopa mbegu na chakula dukani kwa rehani ya pamba ambayo bado haijaota. Lakini maskini zaidi, wasio na nyumbu wala siku ya kupumzika, hawakuweza kufika. Ndipo ikaamuliwa kwamba shule iwafuate. Morris K. Jesup, tajiri wa New York, alitoa fedha. Carver alipanga gari litakavyokuwa na litakachobeba, na Mei 1906 likatoka likivutwa na nyumbu: plau, mashine ya kutenganisha krimu, chombo cha kupimia maziwa, chombo cha kusukia siagi na chati za kufundishia. Liliegeshwa chini ya mti au mbele ya kanisa, somo likatolewa hapohapo, kisha likaendelea.

Mwezi Novemba mwaka huohuo, wizara ya kilimo ya serikali kuu ilimwajiri Thomas Monroe Campbell, kijana aliyesoma hapa, kuliendesha. Alikuwa afisa ugani mweusi wa kwanza wa serikali ya Marekani, yaani bwana shamba wa kwanza, na nilipolisoma jina lake ukutani nilivua kofia. Miaka michache baadaye, 1910, fukusi wa vitumba vya pamba aliingia Alabama, na wale waliokwisha kujifunza kupanda zaidi ya pamba walikuwa na kitu cha kula. Baadaye mkokoteni ulifuatwa na lori.

Hii ndiyo sababu naliita jengo. Slater-Armstrong na Milbank vilikuwa na milango ya kuingilia. Mkokoteni wa Jesup ulikuwa maabara, zizi la maziwa na ghala la zana, vyote vikitoka nje kumtafuta mtu ambaye hakuthubutu kubisha mlango wowote. Mimi nilipewa baiskeli 1986, kisha pikipiki, na katika sanduku la nyuma nilibeba mbegu na rula ya kupimia nafasi ya mashimo. Sikujua kwamba kazi yangu ilikuwa na babu yake huku.

Mvua ilipokatika tulipita Loachapoka, mahali palipojengwa shule ya kwanza kati ya zile karibu 5,000 zilizosaidiwa na Julius Rosenwald, tajiri wa Chicago, mpango uliozaliwa katika ofisi ya Washington. Lakini hiyo ni hadithi ya madarasa, nami naiacha.

Siku ya sita: Makaburi, na Kabete

Washington alifariki Novemba 1915, Carver Januari 1943, na wamelala karibu karibu ndani ya chuo. Tulikaa pale kwa muda, nikamweleza mpwa wangu jambo linalotuhusu sisi.

Mwaka 1921 Harry Thuku, mtetezi wa haki za Waafrika wa Kenya, aliandika barua kutoka Nairobi kwenda Tuskegee kuomba msaada wa elimu kwa ajili ya watu wake. Mwaka uliofuata akakamatwa na serikali ya kikoloni. Mwaka 1924 tume ya elimu ya mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones aliyewahi kufundisha Hampton, ilizunguka Afrika Mashariki ikihimiza elimu ya mfano huu, na 1925 ikafunguliwa shule ya Jeanes huko Kabete, karibu na Nairobi. Jina hilo ni la Anna T. Jeanes wa Philadelphia, ambaye mfuko wake wa dola milioni moja ulikuwa na Washington miongoni mwa wadhamini. Walimu walikuja Kabete pamoja na wake zao, wakaishi katika nyumba za mfano, wakajifunza bustani, mifugo na usafi, kisha wakarudi vijijini kusaidia shule ndogo.

W.E.B. Du Bois, msomi mweusi wa Marekani, alimpinga Jones kwa ukali, akiona kwamba elimu ya namna ile ingemfungia mtu mweusi katika kazi za mikono, na alikuwa na haki ya kuhofu, maana masetla wa Kenya waliipenda kwa sababu hiyohiyo. Lakini barua ya Thuku inaonyesha kwamba Waafrika waliona kitu kingine Tuskegee: shule ambayo ardhi yake, matofali yake na msanifu wake vilikuwa vya watu weusi. Kabete ilikopa bustani na nyumba za mfano, lakini umiliki haukukopwa. Kwangu tofauti iko hapo, na nadhani ndiyo iliyofanya wahitimu wa Tuskegee wajenge, wakati wengi wetu tulifundishwa kusimamia tu.

Usiku, kabla ya kufunga mizigo, mpwa wangu alichukua karatasi akaanza kuchora mkokoteni kwa ajili ya chuo kidogo cha kilimo kijijini kwetu. Tulibishana kuhusu vya kupakia. Mimi nilitaka kipimo cha tindikali ya udongo, mbegu za dengu na kunde, mizani na lactometa ya maziwa. Yeye akaongeza paneli ya sola na skrini ya kuonyeshea video. Tulikubaliana kwamba bodi ifungwe na wanafunzi wenyewe, kwa mbao za mkaratusi za palepale.

"Na utavutwa na nini, Mjomba?"

"Punda wawili," nilimwambia. "Andika upana wa magurudumu, barabara ya kwetu unaijua wakati wa masika."